Mafuta ya makonyo na maumivu: shajara ya mradi, wiki ya 1 hadi ya 19

Wiki ya 1

Kabla ya kurudi chuoni nilifanya kazi ya utabibu wa meno miaka minne katika kituo cha afya. Haikupita wiki bila kumpata mgonjwa mwenye mambo mawili: jino bovu, na ufizi wa kando yake umechubuka na kuwa mweupe. Ukimuuliza, atakwambia amelala na pamba iliyochovywa kwenye mafuta ya karafuu, matupu, bila kuchanganywa na kitu. "Yalinituliza, dokta, lakini yakaniunguza." Maneno hayo niliyasikia mara nyingi hata nikayaona kama swali ninalodaiwa jibu.

Kwamba karafuu hutuliza jino si habari mpya. Sisi wenyewe matabibu tunaziba jino kwa muda kwa unga wa oksidi ya zinki uliokandwa na yujenoli, kemikali kuu ya karafuu, na harufu ile ndiyo watu wengi wanaita harufu ya daktari wa meno. Mwaka 2006 watafiti wa Kuwait walichapisha jaribio la watu 73: waliopakwa karafuu ufizini kabla ya kuchomwa sindano waliumia kidogo kuliko waliopakwa dawa bandia isiyo na nguvu, na hawakupishana sana na waliopakwa benzokaini, dawa ya ganzi ya kupaka. Kwa hiyo siulizi kama inafanya kazi. Ninauliza mawili. Je, ni yujenoli peke yake, au ndani ya mafuta kuna kingine kinachosaidia? Na kiasi kinachotuliza kiko mbali gani na kiasi kinachodhuru?

Profesa anayenisimamia aliyakubali maswali yote mawili kwa sharti moja: tusitumie karafuu zenyewe bali makonyo. Karafuu ina soko lake na bei yake. Makonyo, vile vijiti vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, ni rahisi, na mafuta yake yana yujenoli nyingi zaidi kwa asilimia, mara nyingi kupita 90.

Wiki ya 2

Pemba. Nilishuka Mkoani asubuhi na kufika shambani kabla ya adhuhuri. Ukiuliza kwa nini karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba na si Unguja, wazee wanakurudisha kwenye kimbunga cha mwaka 1872, kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuinusuru mingi ya huku.

Uchumaji ulikuwa umepamba moto. Wachumaji wako juu na kamba zao, wanalipwa kwa pishi, na jioni nyumba nzima inakaa chini kuchambua: karafuu huku, makonyo kule. Nilikaa nao. Mikono yangu ilikuwa mizito, na mama aliyenikaribisha alinitazama kwa muda kabla ya kuniambia, "Mwanangu, usivute. Vunja kwa dole gumba." Baada ya hapo nilikwenda vizuri kidogo. Usiku vidole vyangu vilikuwa na ganzi nyepesi kwenye ncha, na hilo nikaliandika kwenye daftari kama uchunguzi wa kwanza wa mradi.

Nilimuuliza kama wao hutumia makonyo kwa maumivu. Akasema kwa jino hutumia karafuu yenyewe: unaitafuna kidogo, unaikandamiza pale, unaitema. Hakuna anayelala nayo. Mafuta ya chupa, alisema, ni mambo ya watu wa mjini. Nimelifikiria jibu hilo njia nzima ya kurudi. Karafuu moja ni kipimo kidogo kinachojizuia chenyewe, maana inachoka mdomoni. Chupa haichoki.

Vibali vya kutoa sampuli Zanzibar vilichukua siku mbili, kwa kuwa karafuu huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar tu na kila mzigo unaovuka bahari lazima uelezeke. Sioni ubaya. Nilipita pia Wawi, nje ya Chake Chake, kilipo kiwanda cha kukeneka makonyo. Harufu inakupokea barabarani kabla hujaliona paa.

Nimerudi na kilo 12 za makonyo makavu, kutoka mashamba matatu, kila shamba gunia lake na lebo yake.

Wiki ya 4

Wiki ya aibu, lakini shajara ni shajara.

Kukeneka kwa mvuke ni kazi rahisi kuieleza. Unachemsha makonyo yaliyosagwa ndani ya maji, mvuke unapanda na mafuta, unapozwa, unashuka ndani ya bomba la kioo lenye vipimo, mafuta yanajitenga na maji, na maji yanarudi chunguni kupitia kijibomba cha pembeni. Nilichemsha saa nne. Chumba kizima kilinukia. Kwenye bomba la vipimo hakukuwa na kitu, utando tu.

Nikaongeza makonyo. Nikaongeza saa mbili. Fundi wa maabara alipopita aliinama, akatazama kijibomba cha kurudishia maji, akauliza, "Dada, mafuta yako yanaelea au yanazama?"

Yanazama. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, na hilo nilikuwa nimeliandika mwenyewe kwenye pendekezo la mradi, ukurasa wa tatu. Chombo nilichokifunga kimetengenezwa kwa mafuta yanayoelea, kama ya mchaichai au mkaratusi. Kwenye chombo kile mafuta yangu yalikuwa yanashuka chini ya maji na kurudi chunguni kwa njia ileile, saa sita mfululizo. Tukafunga bomba la aina ya pili, lenye mkono wa mafuta mazito, na ndani ya dakika 40 matone ya manjano hafifu yakaanza kukusanyika chini, mazuri, yanayong'aa.

Jambo la pili la wiki hii: usiyaweke mafuta haya kwenye vikombe vile vya plastiki ngumu inayong'aa. Yujenoli huiyeyusha. Nilikuta kikombe kimelainika sehemu ya chini na sampuli imeharibika. Sasa kila kitu kinakaa kwenye chupa za kioo cha kahawia, zimejazwa hadi shingoni, kwa sababu hewa na mwanga huyafanya kuwa meusi.

Wiki ya 5

Kutenganisha. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu kemia yake ni safi na unaiona kwa macho. Yujenoli ni fenoli, yaani kemikali yenye uasidi hafifu, kwa hiyo ukiyatikisa mafuta pamoja na hekseni na magadi makali, yujenoli inageuka chumvi na kuhamia kwenye maji. Kinachobaki juu, kwenye hekseni, kwa sehemu kubwa ni kariofileni. Unatenga tabaka mbili, unatia asidi kwenye lile la maji, na yujenoli inajitokeza tena kama ukungu mweupe unaotulia chini.

Kariofileni ndiyo sababu ya swali langu la kwanza. Imo pia ndani ya pilipili manga, na mwaka 2008 kundi la Jürg Gertsch lilionyesha kwamba inashika kipokezi kiitwacho CB2, kimoja kati ya viwili vinavyoshikwa na kemikali za bangi. Tofauti ni kwamba CB2 iko zaidi kwenye seli za kinga kuliko kwenye ubongo, hivyo hailevyi. Kwenye mafuta ya makonyo ni sehemu ndogo, asilimia chache tu. Je, asilimia hizo zina kazi yoyote, au zinasindikiza tu?

Nina chupa tatu sasa: mafuta kamili, yujenoli, na sehemu ya kariofileni. Bamba la silika, ambalo hutenganisha kemikali kuwa madoa, limethibitisha: doa moja kubwa, doa moja dogo lililokimbia mbele, na mafuta kamili yanaonyesha yote mawili.

Wiki ya 6 na 7

Kusubiri kamati ya maadili. Hakuna mnyama atakayeguswa kabla ya barua.

Nimetumia muda huu kuogopa vizuri. Kuna kisa cha Kameruni ambacho kila anayepima mimea ya maumivu anapaswa kukijua. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba mizizi ya mti uitwao Nauclea latifolia, unaotumiwa na waganga kutuliza maumivu, ina tramadoli ndani yake, dawa ambayo hadi siku hiyo ilijulikana kutengenezwa na binadamu tu. Ilikuwa habari kubwa. Mwaka uliofuata kundi jingine likaonyesha jambo la kawaida zaidi: wafugaji wa kaskazini mwa nchi hiyo huwapa ng'ombe tramadoli ili wavumilie kazi, mikojo na kinyesi huingia ardhini na kwenye maji, na mizizi huinyonya. Kile kilichodhaniwa kuwa siri ya mti kilikuwa kimetoka dukani.

Kwa hiyo nimezipitisha sampuli za mashamba yote matatu kwenye bamba moja na diklofenaki, aspirini, parasetamoli na tramadoli. Hakuna doa linalolingana. Nimepima pia chupa ya "mafuta halisi ya karafuu" niliyoinunua mtaani. Tone lake kwenye karatasi, likaachwa juu ya joto dogo hadi kesho yake, liliacha doa la grisi lisilokauka. Langu lilikauka likapotea. Ile chupa ina mafuta ya kupikia, tena si kidogo. Anayezoea kujipaka kutoka chupa ya namna ile, siku akiipata iliyo safi atatumia kiasi kilekile, na ufizi wake utalipa.

Wiki ya 9

Barua imetoka. Masharti: kila mnyama atumike mara moja tu, makundi yasizidi panya 6, muda wa jaribio usipitilizwe, na maumivu yawe madogo kadiri yanavyoweza kuwa na bado yapimike. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1983 kuhusu maumivu kwa wanyama wa majaribio unasema hivyohivyo, na kila ninapowatazama naona ni haki yao ndogo mno.

Wiki hii hatukupima dawa yoyote. Tumejifunza kuhesabu. Panya mdogo mweupe akidungwa tumboni asidi asetiki ya asilimia 0.6, hujipinda: tumbo linabana, mgongo unanyooka, miguu ya nyuma inavutwa. Unahesabu mara ngapi kwa dakika 20. Tuliwatazama kwenye video wawili, mimi na mwenzangu, kila mmoja na daftari lake, na siku ya kwanza tulipishana vibaya kwa sababu yeye alihesabu kila mnyooko na mimi nilihesabu ule wenye kubana tumbo tu. Tumekubaliana, tumeandika ukutani, tumerudia. Siku ya nne tukawa tunapishana kwa moja au mbili.

Wiki ya 11

Furaha kubwa. Nimerudi nyumbani usiku nikitabasamu peke yangu kwenye daladala.

Makundi: maji ya chumvi yenye kiyeyushio bila dawa, diklofenaki, kisha mafuta ya makonyo kwa miligramu 50, 100 na 200 kwa kila kilo ya uzito. Kundi la kiyeyushio lilijipinda kama ilivyotarajiwa. Diklofenaki iliwatuliza. Miligramu 50 ilipunguza kidogo, 100 ilipunguza zaidi, na wale wa 200 walikuwa wametulia kimya, karibu hawajipindi kabisa. Mstari mzuri, unashuka ngazi kwa ngazi. Nilimtumia Profesa picha ya grafu usiku uleule.

Jibu lake lilikuwa neno moja. "Ufito?"

Wiki ya 12

Ufito ni kijiti kinachozunguka polepole, kipande cha chombo ambacho panya mzima hukaa juu yake na kutembea bila kuanguka kwa dakika kadhaa. Kipimo hiki kipo tangu mwaka 1957 na kazi yake ni kukuambia kama misuli na akili ya panya bado vinafanya kazi.

Kundi la kiyeyushio: walikaa wote. Miligramu 50: walikaa wote. Miligramu 100: mmoja aliteleza, akarudishwa, akakaa. Miligramu 200: wanne kati ya 6 walianguka ndani ya dakika ya kwanza, na mmoja hakujaribu hata kushika.

Hawakuwa wametulizwa maumivu. Walikuwa wamelewa. Panya mwenye usingizi hajipindi, hata kama tumbo linamuuma, kwa sababu hana nguvu za kujipinda. Na hili si geni kwa yujenoli: wanaofuga samaki huwalaza kwa mafuta ya karafuu ili wawapime au wawashone. Nilijua. Nilikuwa nimeisoma. Lakini grafu ilikuwa nzuri mno kiasi kwamba sikutaka kuikumbuka.

Nimeifuta nukta ya 200 kwenye grafu na kuiandika kwenye jedwali la usalama. Wanyama 6 hawarudi, kwa hiyo angalau waseme walichokisema kweli. Kanuni kuanzia leo: hakuna kipimo kinachoingia kwenye jaribio la maumivu kabla hakijapita kwenye ufito. Ningeanza na ufito, ningewanusuru wale sita.

Ndugu msomaji mwenye chupa ya mafuta haya nyumbani, hili linakuhusu pia. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliripoti mtoto wa miaka 2 aliyemeza mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu. Alipoteza fahamu, akapata degedege, ini likaharibika, akaponea chupuchupu. Ni kama kijiko kimoja hadi viwili vya chai. Iweke juu, ifunge.

Wiki ya 14

Jaribio la formalini. Hili ni kali zaidi kwa mnyama kuliko lile la asidi, na nililiahirisha mara mbili. Lakini linajibu kitu ambacho jingine haliwezi. Tone dogo la formalini, maikrolita 20, chini ya ngozi ya unyayo mmoja, na panya hulamba unyayo huo kwa awamu mbili. Dakika 5 za mwanzo ni neva zenyewe zinazopiga kelele. Kisha kimya kifupi. Kuanzia kama dakika ya 15 hadi ya 30 hulamba tena, na safari hii ni uvimbe unaosema. Mofini huzima awamu zote mbili. Dawa za aina ya diklofenaki hupunguza zaidi ile ya pili. Kwa hiyo ukitazama awamu ipi imepungua, unapata fununu ya mahali dawa inapofanyia kazi.

Safari hii simjui panya yupi kapewa nini. Fundi amezipa chupa herufi, bahasha ya majibu iko kwenye droo yake, na mimi nahesabu sekunde tu. Dawa zote zinatolewa kwa mdomo, kwa vipimo vilivyopita kwenye ufito. Sehemu ya kariofileni inatolewa kwa kiasi kilekile kilichomo ndani ya mafuta kamili, si zaidi, vinginevyo nitakuwa nimejibu swali jingine.

Mofini ya kulinganishia iko kabati lenye funguo mbili na sahihi mbili. Huwa natulia kidogo ninapoichukua. Ni kemikali ya mmea na yenyewe, imetoka kwenye mpopi, na pale Kampala, Hospice Africa Uganda tangu mwaka 1993 imekuwa ikiwapa wagonjwa wa saratani mofini ya maji, ya kunywa, wakiwa majumbani mwao. Huo ndio umbali wa safari: kutoka kwenye utomvu hadi kwenye kikombe cha mgonjwa, huku mtu akijua kila tone lina nguvu gani. Mradi wangu uko hatua za mwanzo kabisa za barabara hiyo.

Wiki ya 16

Umeme ulikatika siku tatu. Hakuna jaribio. Panya wako salama.

Wiki ya 17

Tumefungua bahasha, mimi, mwenzangu na fundi, baada ya hesabu zote kuandikwa kwa wino.

Yujenoli: imepunguza kulamba awamu ya kwanza na ya pili. Mafuta kamili: yamefanya hivyohivyo, na kwa awamu ya kwanza siwezi kuyatofautisha na yujenoli. Sehemu ya kariofileni peke yake: awamu ya kwanza haikuguswa hata kidogo, panya walilamba kama wa kiyeyushio, awamu ya pili ilipungua. Kidogo, na si kwa kila panya, lakini ilipungua, na hapo mimi mwenyewe sikujua ninahesabu nani.

Inalingana na kilichochapishwa mwaka 2014 kuhusu kariofileni kutuliza maumivu ya uvimbe kwa panya kupitia CB2. Inalingana pia na tunachojua kuhusu yujenoli, ambayo ina mikono mingi: inazuia milango ya sodiamu ambayo neva hupitishia ujumbe, inapunguza utengenezwaji wa prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea uvimbe na maumivu, na mwanzoni hufungua TRPV1, kipokezi kilekile cha pilipili na joto ambacho kundi la David Julius lilikitambua mwaka 1997, kazi iliyochangia tuzo yake ya Nobel ya mwaka 2021. Ndiyo maana ukitafuna karafuu inawasha kwanza, ganzi inafuata.

Jibu la swali la kwanza, kwa panya 6 kwa kila kundi: kwa maumivu ya ghafla ni yujenoli. Kwa maumivu ya uvimbe, huenda ile asilimia chache haisindikizi tu. Sitasema zaidi ya hapo. Kwa panya 6, "huenda" ndilo neno kubwa kuliko yote ninaloruhusiwa.

Mwenzangu alitaka tuandike kwenye muhtasari kwamba mafuta kamili ni bora kuliko yujenoli tupu. Tumebishana mchana mzima, kwa heshima. Hesabu haisemi hivyo na tumeiacha.

Wiki ya 19

Swali la pili sasa, lile la ufizi.

Nimetengeneza michanganyiko mitano ya mafuta ya makonyo ndani ya mafuta ya nazi: asilimia 1, 2, 5, 10 na 20, pamoja na nazi tupu. Nimechagua nazi kwa sababu ndiyo iliyopo kila nyumba ya pwani. Mchanganyiko unaohitaji kiyeyushio cha maabara hautamfikia mtu yeyote wa kituo changu cha zamani. Kabla ya kupaka ngozi laini ya mdomo wa mnyama yeyote, tunaanza na seli za ufizi zilizooteshwa kwenye vyombo: tone, dakika 5, dakika 30, saa 8, kisha tunahesabu ngapi ziko hai. Saa 8 nimeiweka makusudi. Ni muda wa mtu aliyelala na pamba.

Kamati imeombwa kibali cha hatua inayofuata. Nimempigia mama wa Pemba kumwambia tumefika wapi, akauliza kama bado navuta au navunja. Nimemwambia navunja.

Chupa sita ziko kwenye friji zikiwa na herufi P hadi U, bahasha iko kwa fundi, na seli zinapandwa Jumanne.